Je, Nimeiba? Nyimbo za Kwaya Kwenye Diski ya Redio



Likizo iliyopita baba mdogo alileta nyumbani redio ya mtumba, zile kubwa za sebuleni zenye diski ya kuhifadhia nyimbo humo humo ndani. Unaingiza CD, unabonyeza kitufe cha kurekodi, na baada ya dakika chache nyimbo zote zimeshaingia kwenye diski. CD unaitoa ikiwa vile vile ulivyoiweka. Diski yenyewe ni ya gigabaiti 80. Nilipiga hesabu: kwa ubora wa kawaida wa MP3, dakika moja ya muziki inakula karibu megabaiti moja. Kwa hiyo humo unaingia muziki wa kusikiliza usiku na mchana kwa zaidi ya siku 50 bila kurudia wimbo hata mmoja.

Basi mimi, frateri mzima, nikaanza kupita kwa majirani kuazima CD. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimerekodi thelathini na kitu. Mojawapo ni ya kwaya ya parokia yetu, ambamo mama anaimba alto. Aliposikia ikilia sebuleni aliniuliza swali moja tu: "Frateri, hii umenunua kwa nani?" (Mama akiniita Frateri badala ya jina langu, najua kuna jambo.)

Sikuwa na jibu, ila utetezi nilikuwa nao, tena wa kisomi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema wizi ni kuchukua kwa siri kitu cha mwenzako. Mimi nimechukua nini? Jirani kapata CD yake bila mkwaruzo, na kwaya haijapungukiwa na noti hata moja ya muziki. Tena Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, anafundisha kwamba kitu kisichopungua kinapogawiwa, ukikaa nacho bila kuwapa wengine bado hujakimiliki inavyopasa. Wimbo ni kitu cha namna hiyo hasa. Ningekuwa kwenye mtihani wa mdomo ningepata alama nzuri.

Lakini soma tena. Augustino pale anamsemesha mwenye kitu: wewe uliyepewa, toa. Hamwambii mwenye kukopi: wewe unayetaka, chukua. Kugeuza wajibu wa mwenzangu wa kutoa kuwa haki yangu ya kuchukua ni ujanja, na nakiri kwamba niliufanya bila hata kujishtukia.

Halafu kuna gharama. Ni kweli wimbo haupungui. Wanaopungukiwa ni wanakwaya. Mama alinitajia: pesa za studio, nauli za mazoezi ya jioni, mpiga kinanda wa kukodi, sare. Walichanga wenyewe, nyingine wakakopa, wakitumaini CD zikiuzwa pale nje baada ya Misa deni litaisha. Halikuisha. Wengi tuliazimana. Volume 2 mpaka leo haijarekodiwa.

Kuna atakayesema: Frateri, acha kujitesa, angalia sheria inasemaje. Sawa, tuangalie Uingereza, maana wao jambo hili wamelizungusha sana. Kuna redio iliyouzwa kule, Brennan JB7, yenye diski ya kuhifadhia CD zako zote. Mwaka 2011 mamlaka ya matangazo ikazuia tangazo lake, kwa sababu halikuwaambia watu kwamba kunakili CD bila ruhusa ni kuvunja sheria, hata kama CD umeinunua mwenyewe. Mwaka 2014 sheria ikabadilishwa, ukaruhusiwa kunakili ulichonunua kwa matumizi yako. Vyama vya wanamuziki vikaenda mahakamani kwa kuwa hawakuwekewa fidia yoyote, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo. Ujerumani wao, tangu 1965, kunakili kwa matumizi ya nyumbani kunaruhusiwa, ila mashine za kurekodia zinatozwa mchango unaowaendea wenye kazi.

Kitendo kile kile, kidole kile kile juu ya kitufe. Je, dhambi ilitoweka 2014 ikarudi 2015? Thoma anatusaidia hapa: zipo sheria za binadamu zinazotokana moja kwa moja na sheria ya maumbile, na zipo zinazopanga tu namna ya kuitekeleza. Kwamba mtenda kazi astahili ujira wake, hilo halibadilishwi na bunge. Namna ya kumfikishia ujira huo ndiyo inayobadilika. Ukitii sheria hujakosea, ila usitegemee ikufanyie kazi yote ya dhamiri.

Mimi nimesaidiwa zaidi na Katekisimu, namba 2408. Inaeleza kuwa wizi ni kujitwalia mali ya mtu kinyume na mapenzi yake yaliyo ya haki. Basi najiuliza: kwaya ingenijibuje kama ningewauliza? Mtu aliyenunua CD akaiweka kwenye redio yake ili isichakae, hakuna mwanakwaya mwenye akili timamu atakayemkatalia. Kanda ya zamani ambayo haiuzwi tena popote, nadhani wangefurahi kwamba kuna anayeihifadhi. Ila kuazima CD mpya, huku mweka hazina amekaa na boksi pale mlangoni, kisa nimeona uvivu kutoa shilingi 5,000? Jibu nalijua. Nililijua hata siku ile, ndiyo maana sikuwauliza.

Nilienda kitubio. Kisha nikachukua 5,000 nikampelekea mweka hazina, mama mmoja wa WAWATA asiyependa maneno mengi. Akaniandikia risiti, halafu akaniambia CD zimekwisha, na ile ya kunakilia nyingine imeharibika, studio nayo ilishafungwa. Akanitazama. "Lakini wewe si unazo kwenye redio yako?"

Ninazo. Tatizo redio yetu haitoi nyimbo kwa waya wa kompyuta. Njia ni moja tu: uunge waya kwenye tundu la hedifoni, ubonyeze kurekodi kwenye kompyuta, na usubiri wimbo ulie mpaka mwisho. Hakuna kuharakisha. Nikakaa sebuleni dakika 58. Mama akaja akakaa pembeni, akawa ananionyesha sauti ya nani ni ipi, yupi alihama, yupi tulimzika mwaka juzi. Nikagundua kwamba tangu nirekodi CD ile, nilikuwa sijawahi kuisikiliza yote.