Kisu Kilichokataa Kukunjwa



Bwana wetu Yezu Kristu alipowafundisha watu, hakutafuta mifano ya mbali. Alitwaa taa, chumvi, chachu na nyavu, vitu vilivyojulikana nyumbani mwa kila msikilizaji. Nasi leo tutwae kitu kidogo kinachokaa mfukoni mwa wavuvi na wakulima wengi, yaani kisu cha kukunja. Tena tutazame sehemu yake moja tu, ndiyo komeo lake.

Wengi wenu mwakijua kisu kile chenye mpini wa mti na pete ya chuma shingoni. Kilianza kutengenezwa mwaka 1890 na Joseph Opinel, mwana wa mhunzi, katika milima ya Savoie, nchi ya Ufaransa. Juu ya ubapa wake mna alama ya mkono wenye taji. Mkono huo wabariki, nao ni mkono wa Yohane Mbatizaji, ulio katika nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, karibu na kijiji cha jamaa ile. Kwa miaka sitini na zaidi kisu hicho hakikuwa na komeo. Mkono ukiteleza, ubapa uliweza kujikunja juu ya vidole. Mwaka 1955 Marcel Opinel akakitia pete yenye ufa. Ufa ukielekea ubapa, ubapa hupita. Pete ikizungushwa, ubapa huzuiwa usirudi. Mwaka 2000 pete hiyo ikatengenezwa vizuri zaidi, ikaweza kuushika ubapa hata ukiwa umekunjwa.

Basi tambueni jambo hili: komeo lina kazi mbili, wala si moja. Kazi ya kwanza ni kushika. Kazi ya pili ni kuachia. Komeo lisiloshika humkata mwenye kisu. Komeo lisiloachia humkata mtu mwingine. Nitawasimulia jinsi nilivyojifunza neno hili.

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika aliishi katekista mzee, mtu wa sala na wa kazi. Padri mmoja, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia kisu cha namna hiyo. Kwa kisu hicho mzee alipasua samaki, alikata kamba za nyavu, alichonga misalaba midogo ya watoto wa Komunyo ya kwanza. Lakini hakuwa na desturi ya kukisafisha. Magamba ya samaki, utomvu wa miti na mchanga vikaingia chini ya pete kidogo kidogo, vikakauka humo. Wakati wa mvua pete ikashikamana kabisa, na ubapa uko wazi. Mzee akavuta kwa vidole, akavuta kwa meno, akagonga kwa jiwe; haikugeuka. Mwishowe akasema: "Na kikae hivi hivi, kukata chakata." Akakiweka juu ya sanduku.

Mzee huyu alikuwa na mdogo wake, fundi wa baiskeli na majembe. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila wao kusemezana. Sababu ilikuwa wavu. Mdogo aliuazima ukiwa mzima, akaurudisha umepasuka; mkubwa akamwita mwizi mbele ya watu. Tangu siku ile kila mmoja alipita njia yake, na watoto wa nyumba hizi mbili wakakatazwa kwenda kuchota maji pamoja. Na kila Jumamosi mzee aliwafundisha watoto wa katekismu sala ya Baba Yetu. Alipofika mahali pa kusameheana, sauti yake ilikuwa ikishuka.

Siku moja mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, alipanda juu ya sanduku akitafuta ndizi. Akakishika kisu kwa upande wa makali, na kiganja kikapasuka. Muuguzi wa kituo cha afya akamshona. Mimi mwenyewe nilikuwa katika ziara ya kijiji kile, nikaenda jioni kumwombea mtoto. Tulipokuwa tumekaa, tukasikia hodi mlangoni. Alikuwa ni yule fundi.

"Yaya," akasema, "nimekuja kumtazama mtoto."

Mzee akamsogezea kiti, asiseme neno. Fundi akamtazama mtoto aliyelala, akaushika mkono uliofungwa kitambaa. Kisha akasema: "Nipe na kile kisu."

Hakuchukua nyundo wala koleo. Alisema kwamba pete ya namna ile ikipanuliwa kwa nguvu, haitashika tena. Aliomba maji ya vuguvugu na sabuni, akasugua kwa mswaki wa zamani, akachokoa ufa kwa kijiti chembamba. Hakukitia kisu majini kwa muda mrefu, kwa maana mpini wa mti ukinywa maji hufura na kuubana ubapa. Akakifuta, akakitundika mahali pa upepo, mbali na moto, kwa maana moto waweza kuupasua mpini. Asubuhi akarudi. Akatia tone moja la mafuta chini ya pete na tone jingine penye msumari wa ubapa, akaizungusha pete mbele na nyuma, kidogo kidogo, akifuta weusi uliokuwa ukitoka. Hatimaye pete ikageuka, na ubapa ukakunjwa ndani ya mpini.

"Yaya," akasema, "pete haina kosa, wala aliyeitengeneza hana kosa. Ni uchafu tu, ulioingia siku kwa siku, nasi hatukuufuta."

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akajibu: "Mdogo wangu, husemi kisu peke yake."

"Mimi nasema kisu, yaya. Hayo mengine, wewe ndiwe katekista."

Ndugu wapendwa, tuyachukue mafundisho matatu.

La kwanza: si kila hasira ni dhambi. Kuna saa ya kufungua ubapa. Baba humkemea mwana anayepotea. Mkubwa wa kijiji humkemea anayewadhulumu wajane. Lakini ubapa uliofunguliwa kwa kazi yapasa ukunjwe kazi ikiisha. Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso, aliiwekea hasira mpaka, nao ni machweo ya jua. Yule mzee aliipitisha miaka mitatu. Aliona ya kuwa anailinda haki yake. Kumbe alikuwa ameacha kisu wazi ndani ya nyumba, na walioumia walikuwa watoto, ambao hawakuujua wavu wala ugomvi wake.

La pili: moyo ulioshikamana haufunguliwi kwa nguvu, wala haufunguliwi kwa utelezi. Viko visu vingine vya siku hizi vinavyofungwa kwa bamba jembamba linalosukuma kisigino cha ubapa. Bamba likiwa la madini laini zaidi, kama titani, mara nyingine huung'ang'ania ubapa wa chuma kigumu. Wenye kujua husafisha pale penye kugusana, kisha hupaka kalamu ya risasi kidogo tu. Hawamimini mafuta mahali pale, kwa kuwa komeo lenye utelezi laweza kuachia katikati ya kazi. Kadhalika wako watu wanaopatanisha kwa kumimina mafuta. Husema: "Yamekwisha, yamekwisha," na uchafu ungalimo. Amani ya namna hiyo huteleza siku ya kwanza ya majaribu, nayo hukata vibaya kuliko ugomvi wenyewe. Kwanza safisha: sema ukweli, kiri kosa lako, rudisha cha mwenzako. Baada ya hayo maneno laini yatakuwa dawa.

La tatu: usingoje pete ishikamane. Mwenye kisu mwenye akili hukifuta kila jioni, kazi ya dakika moja. Mkristu naye achungue dhamiri yake kila jioni: leo nimemwita nani jina baya? Salamu ya nani nimeikataa? Na pale ambapo mkono wake mwenyewe hauwezi, aende kwa Padri, katika Sakramenti ya Kitubio. Humo Mungu hatupigi kwa jiwe wala hatuvuti kwa meno. Hutuosha, hutupaka neema yake, na hutugeuza kidogo kidogo hata tukaweza tena kushika na kuachia.

Mtapenda kujua habari za ndugu wale wawili. Hawakumaliza yote kwa siku moja. Walikaa mbele ya wazee. Mdogo akakiri ya kuwa aliutupa wavu penye miamba kwa uzembe, kisha akaona haya kusema. Mkubwa akasimama pale pale alipomwita mwizi, akalifuta neno lile mbele ya watu. Nyuzi za kushonea wavu wakazinunua kwa kugawana. Kovu la mtoto lipo hata leo kiganjani mwake, kwa maana msamaha haufuti kila alama. Lakini sasa anakwenda kuchota maji pamoja na wana wa baba yake mdogo.

Basi jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja atazame juu ya sanduku la moyo wake. Kama kuna ubapa ulioachwa wazi, asiseme: "Na kikae hivi hivi." Aende kwa ndugu yake mapema, naye Bwana mwenye rehema atamtangulia mlangoni. Amina.