Amani ya Hajiri

Jioni moja, baada ya sala, mama mmoja wa mtaa wetu alinijia barazani akaniuliza neno lililonishinda. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi, asirudi wala asilete salamu. Watoto ni wanne, na mdogo angali mgongoni. Shamba ni moja, jembe ni moja, na mikono ya kulishika ni miwili tu. Akasema, "Mwalimu, mwatufundisha kwamba amwaminiye Bwana ana amani. Mimi namwamini, na usiku silali. Je, imani yangu ni pungufu?" Nami nalimjibu upesi, kama tufanyavyo walimu tukiogopa swali: "Zidi kuomba, mama." Akanishukuru kwa adabu, akaenda zake.

Jibu lile halikuwa uongo. Walakini lilikuwa nusu ya jibu, nayo ni ile nusu isiyonigharimu kitu.

Tangu siku ile nimekisoma mara nyingi kisa cha Hajiri katika kitabu cha Mwanzo. Wengi wetu tukisikia jina lake twakumbuka fumbo la Mtume Paulo kwa Wagalatia, tukamfanya kuwa mfano tu, tukasahau kwamba alikuwa mtu mwenye miguu iliyochoka. Alikuwa mjakazi, Mmisri; hakuomba kuzaa na bwana wake, alitolewa. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na miaka 100 alipozaliwa Isaka. Basi mama huyu alipofukuzwa, baada ya karamu ya kumwachisha Isaka maziwa, mwanawe alikuwa amepita miaka 14, na muda huo wote yeye alikuwa akitumika katika hema zile. Akapewa mkate, na kiriba cha maji begani. Urithi wake wote ndio huo. Na kila achotaye maji ajua kwamba kiriba kimoja hakiwafikishi mbali watu wawili nyikani.

Maji yakaisha huko Beer-sheba. Hapo alifanya tendo ambalo mtu asiyelea hawezi kulifahamu: alimlaza mwanawe chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali, umbali wa mshale ukirushwa, asimwone akifa. Wako watakaosema, "Mama gani huyu?" Mimi nasema ni mama aliyeishiwa. Hakumwacha kwa kutompenda. Alimwacha kwa sababu pendo lake lilibaki bila kitu mkononi. Na mama awakemeaye watoto wake usiku kwa ukali, kisha akalia peke yake jikoni, ameketi mahali pale pale pa Hajiri.

Tazama alivyotendewa. Hakukaripiwa kwa kulia kwake. Aliulizwa ana nini, akaambiwa asiogope, tena ainuke amwinue kijana na kumshika. Ndipo macho yake yakafumbuliwa, akaona kisima. Maandiko hayasemi kwamba kisima kilichimbwa saa ile. Yasema kwamba alikiona. Amani yake, basi, haikuja kwa kupunguziwa kazi: kijana alikuwa mzito vile vile, na Ibrahimu hakuja kumrudisha. Lakini zamani, alipokimbia akiwa na mimba katika njia ya Shuri, alikuwa amekwisha kumpa Mungu jina, kwamba ndiye amwonaye. Nadhani mzizi wa amani ya mtu aliyeelemewa u hapo. Mzigo usioonwa na yeyote humponda mtu mara mbili, kwa uzito wake na kwa upweke wake. Imani huuondoa upweke, naye mama aliyeondolewa upweke huweza kuinuka na kuushika uzito.

Ila neno hili ni tamu mno midomoni mwa watu walioshiba. Je, kwa kuwa Mungu amwona, sisi tufumbe macho? Wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika ugawaji wa kila siku kule Yerusalemu, mitume hawakuwaambia kwamba imani yao ni pungufu. Walitaka wachaguliwe watu 7 washike kazi ile, na Stefano alikuwa mmoja wao. Manung'uniko juu ya chakula cha wajane yaliliongezea Kanisa watumishi.

Juma la tatu nalikwenda kwa mama yule pamoja na wanangu wawili na majembe matatu. Tulipokuwa tukilima nalimwambia kwamba swali lake lilikuwa jema kuliko jibu langu. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, naliomba kama ulivyoniagiza, na siku hizi nalala. Nalijua kwamba Bwana ananiona. Nyinyi ndio nalikuwa sijui kama mwaniona."

Kisha akatwaa kata, akatupa maji, tukaendelea na tuta la mwisho kabla jua halijachwa.