Usimfanye mwenzako aombe kilicho chake

Mama mmoja anayeongoza ofisi ndogo huko Himbi, hapa Goma, ameniletea swali lililomkaa rohoni. Ofisi yake ina watu kumi na wawili. Mwaka huu amepaka kuta rangi, amenunua viti vipya, ameweka maua barazani, na kila Ijumaa anawaletea watu mandazi na chai ya maziwa. Hata hivyo, anasema, asubuhi wanaingia wamenuna, mchana kila mmoja anakula kivyake, na jioni wanatawanyika bila kuagana. Anauliza amekosea wapi.

Mama, hukukosea kupaka rangi. Kuta za mawe meusi ya volkano zikiachwa hivyo hivyo hutia chumba giza hata saa sita mchana, na mtu anayeshinda humo kutwa anastahili mwanga. Mandazi nayo ni jambo jema. Ila vyote hivyo ni zawadi, na kwa jinsi ninavyozijua ofisi za mji huu, watu wako hawalilii zawadi. Wanalilia vitu ambavyo tayari ni vyao lakini bado wanalazimika kuviomba. Mtu anayepigishwa magoti kwa ajili ya haki yake Jumatatu hadi Alhamisi, mandazi ya Ijumaa hayamshuki.

Nianze na kitu ambacho wengi huona haya kukitaja: ufunguo wa choo. Kuna ofisi moja mjini, sitaitaja, yenye vyoo viwili. Kimoja kina maji na sabuni, na hufungwa. Kingine kiko nje, nyuma ya jenereta, na mlango wake hauna komeo. Ufunguo wa kile kisafi ulikaa kwenye droo ya msimamizi wa utawala. Karani wa hesabu alikuwa na mimba kubwa. Kila alipobanwa ilimbidi apite mbele ya meza za wenzake wanne, asimame mlangoni kwa msimamizi, aseme, "Shefu, naomba ufunguo." Siku niliyokuwa pale, nimekaa kwenye benchi la wageni nikingoja karatasi yangu, shefu alikuwa kwenye simu. Alimwinulia kidole kimoja: ngoja. Yule mama akangoja, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, macho sakafuni. Wenzake wanne waliinamia kompyuta zao. Hakuna aliyetukanwa pale, wala aliyepandisha sauti. Lakini watu wote wa chumba kile walijifunza kwamba hapa hata haja ya mwili ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Sababu ya kufunga ninaijua. Ni maji. Tunaishi ukingoni mwa Ziwa Kivu na bado mabomba ya REGIDESO yanaweza kukauka siku nzima, ofisi zikabaki kununua maji kwa bidoni. Msimamizi anayeogopa pipa lisiishe kabla ya saa nane si mtu mbaya. Lakini uhaba unatibiwa kwa utaratibu ambao kila mtu anaujua na unaomfunga mkubwa kama unavyomfunga mdogo. Kama maji yanatosha watu watano tu kwa siku, hao watano wasiwe wale wale kila siku, na mjamzito asiwekwe kwenye foleni.

Umeme ni vivyo hivyo. Wako watu wako, mama, ambao kwao Mugunga au Ndosho hakuna waya uliofika, au upo lakini pesa ya kununua umeme haipo. Wanakuja kazini na simu iliyozimika, na simu hiyo ndiyo inayowaambia kama watoto wamerudi salama kutoka shule. Ukiwakataza kuchaji, una haki, kwa maana mafuta ya jenereta ni ghali na wewe ndiye unayelipa. Basi sema wazi: kwenye kona ile kuna soketi nne, chajini saa nne hadi saa sita. Kibaya ni ile kanuni isiyotamkwa, ambapo mpendwa wa shefu anachaji simu mbili na betri ya taa ya nyumbani, na mwingine akichomeka anaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Nakaa zaidi kwenye mshahara, kwa sababu hapo ndipo mioyo mingi imevunjikia. Tangu benki za Goma zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, kupata mshahara kumekuwa safari. Wengine hulipwa kwa simu, na wakala naye anakata chake. Wengine huvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi kutafuta pesa taslimu. Wengine hupokea noti za franka zilizochakaa hivi kwamba mama wa sokoni Virunga anazigeuzageuza na kuzirudisha. Haya hukuyaleta wewe, wala huwezi kuyaondoa. Lakini kuna mambo matatu yaliyo mikononi mwako. La kwanza ni tarehe. Ukiijua, itaje, usipoijua, waambie huijui, na uwaambie lini utawapa habari nyingine, kisha siku hiyo ikifika usimame mbele yao hata kama huna jipya. Wafanyakazi huvumilia kuchelewa. Wasichovumilia ni kukutana na bosi kwenye ukumbi naye akageuza uso ili asiulizwe. La pili ni makato. Amua nani anabeba gharama ya kutoa pesa kwa wakala, kampuni au mfanyakazi, na uamuzi huo uwe mmoja kwa mhasibu na kwa mwenye ufagio. Kwa mshahara mkubwa makato hayo ni kero tu. Kwa mshahara mdogo ni sombe na unga wa siku mbili.

La tatu ni karatasi. Sheria ya kazi ya nchi hii, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hesabu ya maandishi kila anapomlipa. Ni karatasi ndogo: kiasi hiki, kimekatwa hiki, kimebaki hiki. Nimeona watu waliofanya kazi miaka mingi bila kuishika hata mara moja, na wakiiomba wanaulizwa, "Kwani huniamini?" Swali hilo ni la kumnyamazisha mtu, na linafanikiwa. Mtu ananyamaza, anarudi kwenye meza yake, na tangu siku hiyo anaanza kukuhesabia kimoyomoyo. Unayemwona amenuna asubuhi huenda anapiga hesabu ambayo ungeweza kummalizia kwa karatasi moja.

Sheria hiyo hiyo imeweka saa 45 kwa wiki kuwa ukomo wa kazi ya kawaida. Najua kuna ripoti za kumaliza na wafadhili wanaosubiri. Ila katika mji wetu saa ya kutoka si jambo la uvivu. Giza likishaingia, njia ya kurudi Majengo si ya kutembea peke yako, na bei ya pikipiki hupanda. Anayebakizwa hadi saa moja usiku bila kuambiwa asubuhi amenyang'anywa usalama wake, na nyumbani kuna mtu anayesimama mlangoni akimngojea.

Utaniambia kwamba nyakati hizi sheria haina wa kuisimamia, na mfanyakazi hajui abishe mlango gani. Ndiyo sababu nakuandikia wewe. Pale ambapo mkaguzi hayupo, dhamiri ya mwenye ofisi ndiyo ukaguzi uliobaki. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na walisema hivyo wakijua kwamba wa kuambiwa hivyo ni mwenye nguvu.

Habari nayo ni haki. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, na kisha alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama mitaa mingi ya mji, watu walimiminika kuelekea Sake, wengine Gisenyi, wengine wakagombania boti za Bukavu. Nakumbuka vizuri namna ofisi zilivyotofautiana siku zile. Ziko ambazo mkuu alishika simu akapiga jina baada ya jina: uko wapi, una watoto wangapi, una nauli? Na ziko ambazo ujumbe ulizunguka kwenye kikundi cha WhatsApp cha wenye simu nzuri, na mzee wa zamu akabaki getini hadi mchana akilinda jengo lililokwisha kuachwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Waliorudi mjini baada ya majuma walirudi wakijua wao ni nani machoni pa ofisi yao. Viti vipya haviwezi kufuta hilo. Mama, leo hii chukua orodha yako ya simu za dharura uisome kwa jina. Plantoni yumo? Mama wa usafi yumo? Kama simu yake ni ya vibonyezo tu, nani amepewa kazi ya kumpigia?

Mikutano pia. Mkutano ukiendeshwa kwa Kifaransa kitupu, nusu ya waliokaa humo wanaitikia kwa vichwa bila kujua wamekubali nini. Kiswahili tunacho sote. Kitumie, na ripoti iandikwe Kifaransa baadaye.

Sasa niseme jambo zito. Katika mkoa wetu swali la "wewe ni wa wapi?" limeacha kuwa la salamu. Ofisini wanakaa pamoja Mnande, Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga na Mshi, na kila mmoja ana ndugu aliyepoteza nyumba, na wengi wana ndugu waliozikwa bila kuagwa. Kukizuka habari mbaya upande wa Masisi au Rutshuru, macho huanza kutafuta mtu wa kumbebesha. Mzaha kuhusu pua ya mtu, lafudhi yake au jina la baba yake huonekana mdogo kwa anayeutoa. Anayepokea anajua tangu utotoni mizaha ya namna hiyo huishia wapi. Nafasi ya mtu katika ofisi yako ni yake kwa sababu ulimwajiri na anafanya kazi. Asiombe tena kila kunapokuwa na vita. Mzaha huo ukitamkwa mbele yako, ukemee hapo hapo na kwa maneno machache, wala usingoje kumwita aliyeutoa pembeni kesho yake. Aliyetaniwa anahitaji kusikia sauti yako wakati ule ule ambao wengine wamesikia mzaha. Ukinyamaza, wote wataelewa kwamba umekubali.

Na mtu akifiwa, usimhoji. Sheria inampa siku nne kwa mwenzi, mzazi au mtoto wake. Usimwulize marehemu alikuwa nani kwake hasa, wala kama kilio kitakuwa mjini au kijijini, wala kwa nini hakutuma barua. Mwambie pole, mwambie siku zake, kisha mteue mtu wa kushika kazi yake ili asiwe anapigiwa simu akiwa kwenye matanga. Wenzake wakichanga, fedha zifike mapema akiwa bado ananunua sukari ya waombolezaji. Zikifika wiki ya tatu zitamkuta ameshakopa.

Nisiwaachie wakubwa mzigo wote. Nanyi mliokaa kwenye meza za kawaida, mkuu wenu naye anaombeshwa kilicho chake. Anaomba ripoti mara tatu. Anaomba mtu apokee simu. Anaomba muwahi, na saa tatu bado mko kwenye chai. Kuna faili zinazofichwa ili mtu mmoja aonekane wa lazima, na akiugua kazi nzima inasimama. Huo pia ni ufunguo kwenye droo. Na zaidi ya mkuu wenu kuna yule papa aliyetoka Kibumba kwa miguu, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi akisubiri muhuri ambao ni haki yake, na ambao hauuzwi. Ofisi inayomfanya mwananchi abembeleze, kisha atoe matabishi, haiwezi kuwa na furaha ndani. Watu wanaozoea kumnyima mgeni huishia kunyimana wao kwa wao, maana mkono ni ule ule.

Kwa hiyo, mama, usinunue kitu kingine mwezi huu. Jumatatu gongomea msumari karibu na mlango wa choo na uutundike ufunguo pale, kila mtu auone. Andaa zile karatasi za mshahara. Kisha, kabla ya kuongea na wahasibu na wakuu wa miradi, mwite plantoni, mkae wawili, mlango ukiwa wazi ili asiogope. Mwulize: katika ofisi hii, ni kitu gani unachokiomba ambacho ulipaswa kuwa nacho tayari? Mtu aliyezoea kunyenyekea atakujibu, "Hapana mama, hakuna shida." Usilipokee jibu hilo kama ndilo la mwisho. Mshukuru, mwache aende, na umwulize tena Alhamisi.