Badala ya Alkoholi katika Dawa ya Maji: Suala la Amana

Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sharia ya Kiislamu, wamejadili kwa kina iwapo mgonjwa anaruhusiwa kunywa dawa iliyoyeyushwa kwa alkoholi, lakini swali linalofuata, la kitu gani kitiwe mahali pake, linastahili uzito uleule. Katika dawa ya maji alkoholi ni kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha kiambato kisichokubali maji, na mara nyingi huwa pia kihifadhi kinachozuia vijidudu kuzaliana. Mfamasia anayeiondoa hana budi kupata kitu cha kutimiza kazi hizo, kwa kuwa kiambato kikituama chini ya chupa, vijiko vya mwanzo huwa hafifu na vya mwisho huweza kudhuru.

Hatari ya kuchagua kiyeyushi vibaya ilionekana mwaka 1937, nchini Marekani: kampuni ya S. E. Massengill iliyeyusha salfanilamaidi, dawa ya kupambana na bakteria, kwa daithilini glaikoli, kimiminika kitamu kinachoharibu figo, ikaiuza bila kupima usalama wake. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Kwa kuwa sheria haikudai uthibitisho wa usalama, kampuni ilishtakiwa kwa kosa la lebo tu, kwani dawa iliitwa eliksiri, jina la dawa ya maji yenye alkoholi, ilhali haikuwa nayo. Sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyolazimisha ushahidi wa usalama kabla ya dawa mpya kuuzwa.

Tukio hilo halikutokana na sababu za kidini, lakini linafichua udhaifu wa hoja inayotosheka na kuondoa kilichokatazwa: anayepima dawa kwa kigezo cha kukosa kileo peke yake angeihesabu sumu ile kuwa safi. Katika makusudio ya sharia, yaani malengo ambayo hukumu zimewekwa kuyalinda, hifadhi ya akili, inayokataza ulevi, imewekwa pamoja na hifadhi ya nafsi, na kanuni ya kifiqhi inakataa kuondoa madhara kwa madhara yaliyo sawa nayo, seuze yaliyo makubwa zaidi. Kwa hiyo uhalali wa kibadala hauwezi kuamuliwa kabla ya usalama wake kujulikana. Mwanazuoni analazimika kumuuliza mfamasia, na mfamasia asiye na kibadala kilichothibitishwa analazimika kusema hivyo wazi, kwa sababu mgonjwa, asiyeweza kukiona wala kukipima kilichomo chupani, amewakabidhi wote wawili amana ya uhai wake.