Dhima ya Mwenye Kuamriwa
Katika kiwanda kikubwa amri huteremka daraja kwa daraja, kutoka kwa meneja mkuu hadi kwa wakuu wa idara, kisha kwa wasimamizi na manyapara, mpaka imfikie yule ambaye mikono yake ndiyo igusayo chuma. Na Frederick Taylor, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake juu ya usimamizi mwaka 1911, alitaka fikira zote zikae juu, na chini ubaki utiifu. Je, dhima nayo hupanda pamoja na fikira, hata aliyekaza parafujo kwa namna asiyoiridhia asiwe na hisabu mbele ya Mola wake? Sidhani, kwani akili na hiari, ambazo ndizo sharti za taklifu, yaani za mtu kubebeshwa wajibu mbele ya Mola, hazivuliwi langoni pamoja na kanzu.

Toyota ya Japani ilishika njia nyingine: mfanyakazi aonapo kasoro huvuta kamba, kiongozi wa kikundi humjia, na wasipoiondoa kwa wakati mstari wa uzalishaji husimama. Madaraja hayakufutwa, wala sioni kwamba yangefaa kufutwa. Ila aliye chini amepewa haki ya kusimamisha kazi, na kwa haki hiyo, ambayo wengi huisifu kana kwamba ni hisani tupu, ametwikwa pia mzigo, maana akiiona kasoro akanyamaza, hana tena mkubwa wa kumsingizia.