Haki ya Njia na Haki ya Makao

Twauliza: je, aliyewahi kuitetea nyumba yake aweza kumshauri jirani aihame yake? Jockin Arputham wa Mumbai, seremala, alihamishwa kwa nguvu pamoja na wenziwe katika mtaa wa Janata mwaka 1976. Baadaye likamkabili suala la reli: vibanda vilisongamana kandokando hata treni zikaenda polepole, na watu wakigongwa. Hakusema abiria wangoje, wala maskini wafukuzwe. Wakazi walijihesabu wenyewe, kaya kwa kaya, wakaafiki kuhama kwa sharti la kupewa makao. Kuhama huko, kwa maoni yetu, si kuhamishwa, ijapokuwa mizigo kichwani ni ile ile. Hata hivyo, mwaka 2000 wenye reli walibomoa vibanda vingi kabla makao hayajawa tayari.