Je, Ni Uvivu Kwenda Msituni Bila Panga?



Katika mazungumzo ya parokia yetu juu ya siku za matembezi ya jamaa, yaani kutoka pamoja, wazazi na watoto, vijana na wazee, kwenda kuangalia mto, msitu na ndege, liko swali moja ambalo mzee mmoja aliuliza, wala halikujibiwa vizuri. Mtu mzima mwenye shamba atapotezaje siku nzima msituni, asirudi na kuni, wala dawa, wala uyoga, wala ufito mmoja wa kujengea? Wengine walicheka. Mimi sikuona cha kuchekwa. Mzee yule alisema kwa sauti jambo ambalo wengi wetu tunaliamini kimyakimya, kwamba nje ni mahali pa kazi, na aendaye huko mikono mitupu ni mvivu, au ni mtalii.

Kwanza tumpe haki yake. Hapa Muheza mvua za masika huanza mwezi wa Machi, na anayechelewa kupanda ataona matokeo katika ghala yake. Hakuna mwenye akili atakayewaita wakulima matembezini katika wiki hizo. Lakini kazi ina majira yake, na matembezi nayo yanaweza kupewa majira yake. Mwezi wa Juni masika yamepungua, hewa imepoa, na barabara ya kupanda Amani inaanza kupitika bila kusukuma gari. Tena mwezi wa Oktoba, mbayuwayu wanapofika kutoka Ulaya na kuanza kukamata wadudu juu ya mashamba yetu, ni wakati mzuri wa kuwaonyesha watoto kwamba ndege mdogo kama yule amevuka jangwa la Sahara kuja kwetu, na kwamba kufikia Aprili atakuwa njiani kurudi.

Basi tuseme siku imepatikana. Swali bado lipo: faida yake nini?

Tuangalie jambo lililotokea milimani kwetu wenyewe. Tangu mwaka 2003 wanakijiji wa Amani walifundishwa kufuga vipepeo. Walipanda miche inayoliwa na viwavi, wakawalea, wakawauza nje wakiwa bado wamo ndani ya maganda yao, kabla hawajatoka na mabawa. Fedha iliingia nyumbani, ada za shule zikalipwa, na watu wakaona kwamba msitu uliosimama una thamani kuliko msitu uliokatwa. Halafu mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai kwenda nchi za nje, na soko la vipepeo likafungwa pamoja na hayo mengine. Sitaki kuingia katika ubishi wa amri ile. Nauliza tu: asubuhi ya siku ya pili, kipepeo yule yule aliyekuwa akiruka juu ya kijito alikuwa amepungua nini? Kama thamani yake yote ilikuwa bei, basi alikuwa amekwisha kuwa takataka. Nadhani hata mzee wetu hatakubali hivyo.

Na tufikiri vipepeo wale walikuwa wakienda kufanya nini huko Ulaya na Marekani. Walikuwa wakienda kuangaliwa. Watu wazima, wenye kazi zao, walilipa kiingilio wakaingia na watoto wao katika nyumba za vioo, wakasimama, wakatazama, wakatoka mikono mitupu. Ikawa sisi tunauza kwa wengine starehe ile ile ambayo tukiifanya sisi wenyewe tunaiita uvivu.

Habari ya ua letu nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau likiota penye miamba yenye kivuli, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Leo ua lile limo katika vyungu madirishani pa nyumba nyingi sana duniani. Bibi kizee wa London anajua kwamba halipendi jua kali wala maji juu ya majani. Mtoto wetu wa darasa la sita anayeishi safari ya saa chache kutoka kwenye miamba ile hajaliona, na mzazi wake pia hajaliona.

Kanisa letu, kwa upande wake, lilikuwa na desturi ya kutembea nje zamani sana. Katika siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa, Wakristo walizunguka mashamba kwa maandamano wakiombea mazao. Desturi hiyo ilianzishwa na Askofu Mamertus wa Vienne, Ufaransa, katika karne ya 5, na huko Uingereza parokia nzima ilizunguka mipaka yake, watoto wakichukuliwa ili waijue. Padre George Herbert, aliyefariki mwaka 1633, aliitetea katika kitabu chake juu ya kazi ya padre wa shamba. Alitaja baraka ya mazao na haki ya mipaka, lakini alitaja pia upendo wa majirani wanaotembea pamoja, na kuwasaidia maskini siku hiyo. Haya mawili ya mwisho hayahitaji jembe.

Labda shule nazo zina sehemu katika fikira zetu hizi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia mtoto aheshimu ardhi na kazi. Lakini shule nyingi zilichukua njia ya mkato: mtoto aliyechelewa alipewa kufyeka, aliyepiga kelele akapewa kumwagilia miti. Mti ukawa adhabu. Aliyelelewa hivyo utamwambiaje leo kwamba kukaa chini ya mvule ni jambo jema?

Hata hivyo liko neno ambalo mzee hakulisema, nami naliona zito kuliko lake. Hifadhi ya Amani, yenye hekta 8,380, ilitangazwa mwaka 1997. Kaskazini yake, katika msitu wa Derema, wakulima wa iliki walilazimika kuacha mimea yao ili misitu iunganishwe, na manung'uniko juu ya fidia yalidumu miaka. Mama anayekaa kando ya hifadhi hawezi kuingia na shoka apendavyo. Sisi tutafika kwa basi tukiimba, tutazame hondohondo, tuondoke. Je, ni haki furaha yetu isimame juu ya katazo lake? Kusema kwamba msitu ni wa wote hakutoshi, maana gharama hailipwi na wote. Maji ya Mto Zigi yanatoka milima hiyo na kunywewa na watu wa Tanga mjini, ambao hawakuacha hata mche mmoja wa iliki. Kwa maoni yangu, anayekwenda kutembea ana deni: aanze kwa kusalimu serikali ya kijiji, amchukue mwongozaji wa pale pale na kumlipa bila kubishana, anunue ndizi na iliki kwa wenyeji. Na asikilize habari ya Derema kwa wenyewe kabla ya kuonyeshwa vipepeo.

Deni jingine liko kati yetu. Siku ya matembezi isiwe siku ya akina mama kuinama juu ya sufuria za pilau huku akina baba wakihesabu ndege. Kila nyumba ichukue mihogo na mayai ya kuchemsha, yatosha. Na kwa kuwa nauli ya Amani si ya kila mtu, matembezi ya kwanza yawe ya miguu, mpaka kwenye chemchemi iliyo karibu, asiachwe mtu kwa sababu ya mfuko.

Atakayetangulia asiwe mwalimu. Wapo wazee wachache wanaojua majina ya miti kwa Kibondei na Kishambaa, na matumizi ya kila mmoja, na mzee wetu mwenye swali ni mmoja wao. Yeye atangulie, na watoto wamfuate na daftari na kalamu.